Homa isiyosubiri maabara

Mwaka 1966 Gerald Bodey na wenzake wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani walichapisha hesabu iliyobadilisha wodi za saratani ya damu. Katika wagonjwa 52 wa lukemia kali, waliona kwamba chembe nyeupe zinavyopungua ndivyo maambukizi yanavyozidi, na neutrofili, aina mojawapo ya chembe hizo, zikishuka chini ya 100 kwa mikrolita hatari huwa kubwa mno.

Hesabu hiyo haikutosha kumwokoa mtu. Mgonjwa akipata homa, daktari alisubiri maabara ioteshe damu. Pseudomonas haikumsubiri: karibu nusu ya walioingiliwa na bakteria hao kwenye damu walifariki ndani ya siku 3. Mwaka 1971 Stephen Schimpff na wenzake, Baltimore, wakachapisha njia nyingine: homa ikipanda, antibiotiki za kabenisilini na jentamisini zianze hapo hapo, majibu yafuate.

Ukabaki ubishi wa saa. Dawa iingie kwa mkupuo wa nusu saa, au idondoke usiku na mchana? Harry Eagle alikwisha kuonyesha, miaka ya 1940 na 1950, kwamba penisilini huua kwa muda inaokaa kwenye kiwango cha kutosha. Kuzidisha kiwango hakuharakishi kazi. Bodey, akiwa sasa Houston, alijaribu antibiotiki ya sefamandoli kwa dripu isiyokatika. Matokeo ya 1979 yalionyesha nafuu zaidi kwa wale ambao neutrofili zao zilikuwa chini kabisa. Sababu inaeleweka: dozi ikiisha nguvu, bakteria waliosalia humalizwa na chembe nyeupe, na wagonjwa hawa hawana chembe hizo.

Ubishi haujaisha. Utafiti wa BLING III wa 2024, wenye wagonjwa mahututi zaidi ya 7,000, ulipata vifo asilimia 24.9 kwa dripu ya mfululizo ya antibiotiki na 26.8 kwa mikupuo, tofauti isiyotosha kitakwimu.

Kwetu Pwani, antibiotiki ya meropenemu iliyochanganywa huharibika upesi kwenye joto, na pampu za dripu si za kila kitanda. Dripu ya saa 3 inawezekana. Lakini miongozo inataka dozi ya kwanza iingie ndani ya dakika 60 tangu mgonjwa afike, na dakika hizo tunazimaliza kwenye foleni ya malipo, ndugu akitumwa duka la dawa nje ya geti. Hospitali inayotibu lukemia iiweke dozi hiyo wodini, bili ifuate baadaye.