Taa za Rangi Tatu: Historia na Istilahi Zake

Siku hizi wako watu wanaojiundia kompyuta kwa kununua sehemu mbalimbali na kuziunganisha wenyewe, na ndani yake hupachika taa zibadilikazo rangi. Katika kufasiri maelezo ya taa hizo, ni rahisi kutosheka na jina moja, "taa za rangi", kwa aina mbili zisizofanana. Tunakusudia kuonyesha, kwa njia ya historia, kwa nini jina hilo halitoshi.

Asili yake ni elimu ya nuru. Mwaka 1861, mjini London, James Clerk Maxwell alionyesha picha ya utepe wenye rangi kwa kukutanisha nuru tatu: nyekundu, ya kijani na ya buluu. Mfasiri asizichanganye nuru hizo na rangi za kupaka. Nuru nyekundu ikikutana na ya kijani huzaa manjano. Rangi za kupaka za namna hiyo huzaa hudhurungi.

Diodi ya nuru nyekundu ilitengenezwa na Nick Holonyak, huko Marekani, mwaka 1962. Ya buluu yenye mwangaza wa kutosha ilichelewa hadi miaka ya mwanzo ya 1990, kwa kazi ya Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, wazaliwa wa Japani, waliopewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Hapo ndipo diodi tatu zilipoweza kukamilisha taa moja. Kila diodi ikiwa na ngazi 256 za mwangaza, hupatikana michanganyiko 16,777,216.

Katika kompyuta, aina ya kwanza ya taa hizi hutumia volti 12 na pini nne, na utepe mzima hugeuka rangi kwa pamoja. Aina ya pili hutumia volti 5 na pini tatu, na kila taa hupokea amri yake. Utepe wa volti 5 ukichomekwa penye volti 12 waweza kuungua. Hivyo basi, kosa la istilahi hapa ni hasara ya mali.

Kwa hiyo tunapendekeza "taa za amri moja" kwa aina ya kwanza, na "taa za amri mbalimbali" kwa ya pili, na idadi ya volti itajwe daima. Aidha, "kudhibiti" kuwe ni kutoa amri, na "kuoanisha" kuwe ni kurekebisha amri hizo hadi macho yaone rangi moja. Kwani taa za watengenezaji tofauti, hata zikipewa tarakimu zile zile, huenda zisifanane.

Tunawaomba wafasiri na walimu wayapime maneno haya katika kazi zao.