Ndege za Siri katika Nyumba za Makumbusho

Silaha nyingi za zamani huishia katika nyumba ya makumbusho. Mzinga uliokuwa ukinguruma hulazwa uani, watoto wakaupanda. Upanga uliomwaga damu hutundikwa ukutani nyuma ya kioo. Hapana ajabu katika jambo hilo, kwa kuwa mzinga na upanga havikufichwa hata siku vilipokuwa vikitumika. Mwenye navyo alitaka adui avione, aviogope. Lakini iko aina moja ya chombo cha vita ambacho kukiona hadharani ni ajabu kweli, nacho ni ndege ya upelelezi. Ndege zitakazotajwa hapa hazikuchukua bomu wala risasi. Kazi yao ilikuwa kuona bila kuonekana, na serikali iliyozirusha ilikuwa tayari kuzikana. Leo nyingi kati yao zimestaafu, na mtu yeyote, hata mtoto wa shule, aweza kusimama mbele yao akazitazama mpaka achoke. Natutembelee ndege hizo katika nchi tatu, kisha tujiulize kama zinatuambia kweli yote.

Tuanzie Marekani. Karibu na uwanja wa ndege wa Dulles, katika jimbo la Virginia, kuna jengo kubwa liitwalo Steven F. Udvar-Hazy Center, lililofunguliwa mwaka 2003. Ni tawi la makumbusho ya taifa ya ndege na vyombo vya anga. Mgeni aingiapo hukabiliwa na ndege nyeusi, yenye urefu wa zaidi ya mita 32, iliyochongoka kama mkuki. Hiyo ndiyo SR-71, ijulikanayo pia kwa jina la Blackbird. Iliruka mara ya kwanza tarehe 22 Desemba, 1964. Mwendo wake ulizidi kilomita 3,200 kwa saa, yaani kama mara tatu ya mwendo wa sauti, na kimo chake kilipita mita 24,000. Kwa mwendo huo hata hewa nyembamba ya huko juu iliichoma ndege mpaka ngozi yake ikapata joto la kupita digrii 200. Bati la kawaida la ndege lingelegea, kwa hiyo mafundi waliiunda kwa titani, madini mepesi yanayostahimili moto. Kwa kuwa chuma kikipata moto hutanuka, waliacha nafasi ndogo ndogo kati ya vipande vyake. Ndiyo sababu ndege hiyo ilipokuwa imetulia chini ilivuja mafuta, na ilipopata moto angani ikajiziba yenyewe. Wajenzi wake wamesimulia jambo la kuchekesha, kwamba sehemu ya titani hiyo ilinunuliwa kwa njia za kuzungukazunguka kutoka Muungano wa Kisovieti, nchi ile ile iliyokuwa ikichunguliwa.

Ziliundwa ndege 32 za namna hiyo. Kumi na mbili zilipotea kwa ajali, wala hakuna hata moja iliyoangushwa na adui. Ile iliyoko Virginia ilipata mwisho wa heshima. Tarehe 6 Machi, 1990, ilitoka Los Angeles ikafika Washington kwa muda wa saa 1, dakika 4 na sekunde 20, ikashuka na kukabidhiwa kwa makumbusho. Ni kama mkimbiaji aliyevunja rekodi ya mbio akiwa njiani kwenda kuketi kwenye kiti chake cha uzeeni.

Watu wanaoizunguka ndege hii hawakosi kustaajabu, na wana haki. Lakini mwanafunzi wa historia hatosheki na kustaajabu tu. Yampasa aulize: kwa nini watu walihitaji chombo cha namna hii? Jibu lake linaturudisha nyuma, kwa dada yake mkubwa aitwaye U-2.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, Marekani na Muungano wa Kisovieti waliingia katika uadui usiokuwa na mapigano ya wazi baina yao, ulioitwa vita baridi. Kila upande ulikuwa na mabomu ya nyuklia, na kila upande uliogopa kwamba mwenziwe anayo mengi zaidi. Mwezi wa Julai, 1955, Rais Eisenhower wa Marekani alipendekeza katika mkutano wa Geneva kwamba mataifa hayo mawili yaruhusiane kupiga picha kutoka angani, ili kila mmoja ajue nguvu za mwenzake na hofu ipungue. Wasovieti walikataa, wakiona kwamba huo ni upelelezi uliovikwa nguo nzuri. Mwezi uliofuata U-2 iliruka kwa mara ya kwanza. Kilichokataliwa kwa ruhusa kilikuwa kinaandaliwa kwa siri.

U-2 haikuwa na mbio. Nguvu yake ilikuwa katika mbawa ndefu, zilizoiinua mpaka kimo cha mita 21,000, ambako ndege za adui hazikuweza kuifikia. Tumboni ilibeba kamera iliyoweza kuonyesha kitu chenye upana usiotimia mita moja kutoka kimo hicho. Tarehe 4 Julai, 1956, moja ya ndege hizo ilivuka mpaka ikaruka juu ya nchi ya Wasovieti, na ndege hiyo hiyo sasa ni mali ya makumbusho ya taifa niliyoyataja. Picha za safari zile zilileta habari isiyotazamiwa. Ilionekana kwamba Wasovieti walikuwa na ndege chache sana za kurusha mabomu kuliko zile walizodhaniwa kuwa nazo. Rais alifahamu kwamba hofu ya watu wake ilikuwa imepita kiasi, lakini hakuweza kuwaambia alivyojua, kwa sababu angetoboa siri ya ndege. Hapo ndipo mwanafunzi aone uzito wa siri: aliyeificha alifungwa nayo mwenyewe.

Sasa tuvuke mpaka, twende Moscow. Katika Makumbusho Makuu ya Majeshi ya huko kuna vipande vya bati vilivyokunjika na kuraruka. Ni mabaki ya U-2 iliyorushwa na Francis Gary Powers. Tarehe 1 Mei, 1960, Powers aliondoka Peshawar, nchini Pakistan, akikusudia kuikata nchi yote ya Wasovieti na kushuka Bodø, nchini Norway. Alipofika karibu na mji wa Sverdlovsk, kombora lilipasuka nyuma yake, ndege ikavunjika, naye akajiokoa kwa parachuti na kukamatwa.

Wakuu wa Marekani, wakidhani rubani amekufa, walitangaza kwamba ndege yao ilikuwa ya kuchunguza hali ya hewa, na kwamba huenda ilipotea njia baada ya rubani kupata shida ya hewa ya kupumua. Hata ndege nyingine ya U-2 ilipakwa alama za idara ya mambo ya anga, ikaonyeshwa kwa waandishi wa habari. Njia ya mwongo ni fupi. Tarehe 7 Mei kiongozi wa Wasovieti, Nikita Khrushchev, ambaye alikuwa amenyamaza makusudi, alitangaza kwamba rubani yu hai na amekwisha kukiri. Mabaki ya ndege yakaanikwa katika bustani kubwa ya Moscow, watu wakayaona. Siku chache baadaye wakuu wa mataifa manne walikutana Paris kuzungumza habari za amani. Khrushchev alidai aombwe radhi, Eisenhower hakuomba, na mkutano ukavunjika. Powers alihukumiwa kifungo cha miaka kumi, lakini tarehe 10 Februari, 1962, alibadilishwa na mpelelezi wa Kisovieti, Rudolf Abel, kwenye daraja la Glienicke, Berlin.

Anayeyatazama mabaki yale huiona aibu ya Marekani, na ndivyo alivyokusudia aliyeyaweka. Lakini vipande hivyo navyo havisemi yote. Siku ile ile, makombora yaliyorushwa kuiwinda U-2 yaliipiga pia ndege ya Wasovieti wenyewe, na rubani wake kijana, Sergei Safronov, akafa. Kwa miaka mingi habari ya kifo chake haikutangazwa, maana ingetia doa katika ushindi. Basi, kama Marekani ilificha ndege, Moscow ilificha maiti.

Mahali petu pa tatu ni Kuba. Tarehe 14 Oktoba, 1962, U-2 iliyorushwa na Meja Richard Heyser ilipiga picha zilizoonyesha kwamba Wasovieti walikuwa wakijenga vituo vya makombora ya nyuklia katika kisiwa hicho. Dunia ikakaribia vita ambavyo huenda visingebakiza mshindi. Safari hii siri haikufungiwa sandukuni. Tarehe 25 Oktoba mjumbe wa Marekani alizionyesha picha hizo mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, ulimwengu ukaona. Siku mbili baadaye Meja Rudolf Anderson aliangushwa juu ya Kuba na kuuawa. Kesho yake Khrushchev alikubali kuyaondoa makombora yake, na Rais Kennedy akaahidi kwamba Marekani haitaivamia Kuba. Hata hapo palikuwa na fungu la siri, kwani Kennedy alikubali chini kwa chini kuyaondoa makombora ya Marekani yaliyokuwa Uturuki. Leo vipande vya ndege ya Anderson vimewekwa katika makumbusho ya Kuba, kama ukumbusho wa taifa dogo lililoilinda anga yake.

Ndege ya namna moja, basi, ina sura tatu. Kule Virginia tunaona ustadi wa mafundi. Kule Moscow tunaona mwongo aliyenaswa. Kule Kuba tunaona mvamizi aliyepigwa. Wahenga walinena, mwamba ngoma huvutia kwake, na kila makumbusho imewamba ngoma yake. Hapana hata moja kati ya hizo iliyotuonyesha uongo. Kila kitu kilichowekwa mbele yetu ni cha kweli, mtu aweza kukihesabu misumari yake. Lakini kweli iliyokatwa nusu huweza kumpoteza msikilizaji sawasawa na uongo. Chombo kile kile kilichovunja mkutano wa amani mwaka 1960 ndicho kilichowapa watawala wakati wa kufikiri mwaka 1962. Hayo hayawezi kujulikana na mtu aliyesimama mbele ya ndege moja tu.

Kwa hiyo, kijana, uendapo katika nyumba yoyote ya makumbusho, shangaa kwanza, maana kushangaa si kosa. Kisha jiulize maswali matatu. Ni nani aliyekiweka kitu hiki hapa? Alitaka nifikiri nini? Na yule aliyekuwa upande wa pili wa kitu hiki, yeye angesimuliaje? Mwenye kuuliza hivyo atatoka mlangoni na historia. Asiyeuliza atatoka na picha tu.

Pendekezo la Eisenhower lilikuja kufufuka baada ya uadui kupoa. Mwaka 1992 mataifa mengi, pamoja na Marekani na Urusi, yalitia sahihi Mkataba wa Anga Wazi, na ulipoanza kutumika mwaka 2002 ndege zilipita juu ya nchi za wenzao kwa ruhusa, zikapiga picha mchana kweupe. Lakini Marekani ilijitoa mwaka 2020, na Urusi ikafuata mwaka 2021. Ndege nyeusi ya Virginia ingali imesimama pale pale, na watoto wanaendelea kuishangaa. Imestaafu ndege, hofu iliyoizaa haijastaafu.