Ngazi za Esther

Katika ukumbi wa mapokezi wa Hoteli Cinema, jijini Tel Aviv, Israeli, zimewekwa projekta za zamani. Ni mitambo mizito ya chuma, ya enzi ambazo picha 24 zilipita mbele ya taa kila sekunde. Mkanda mmoja haukutosha filamu nzima, hivyo fundi alikodolea macho kona ya juu ya pazia. Alama ndogo ikimeta tu, aliwasha mtambo wa pili, na watazamaji wasijue kitu.

Jengo hili lilifunguliwa mwaka 1939 likiitwa Sinema Esther, jina la mke wa mwenye mali. Walilichora Yehuda Magidovitch, mhandisi wa kwanza wa jiji, na mwanawe Raphael. Lakini hawakuwa na uhuru wa kuchora wapendavyo. Kiwanja cha Dizengoff, ambako jengo hili limesimama, kilikwisha kupangwa na Genia Averbuch, mwanamke aliyeshinda shindano la usanifu mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka ishirini na kitu. Ramani yake ilitaka nyumba zote zikizunguke kiwanja kwa mpindo mmoja na sura moja. Ndiyo maana uso wa Esther umepinda, mweupe, na baraza zake ndefu zimeuzungushia kivuli. Averbuch alizaliwa 1909, mwaka uleule jiji lilipoanzishwa, na kwa maoni yangu yeye ndiye anayestahili kutajwa kwanza kila jengo hili linaposifiwa.

Kiwanja chenyewe kiliteseka kuliko sinema. Mwaka 1978 kiliinuliwa ili magari yapite chini yake, na mpindo ule uliobuniwa kwa ajili ya mtembea kwa miguu ukakatwa na zege. Ni mwaka 2018 ndipo kiliporudishwa chini.

Kufikia wakati huo Esther ilikwisha kuacha kuonyesha filamu. Mwaka 2001 ikawa hoteli, miaka miwili kabla UNESCO haijaliingiza Jiji Jeupe, yaani eneo la Tel Aviv lenye nyumba zipatazo 4,000 za mtindo huu, katika urithi wa dunia. Waliokarabati wangeweza kubakiza ukuta wa nje na kuufuta ukumbi kabisa. Badala yake walitundika mabango ya filamu, wakazitunza projekta, na ngazi wakaziacha mahali pake. Siku hizi mgeni anapanda na sanduku lake pale walipopanda watu wenye tiketi mkononi, wakiharakisha kabla taa hazijazimwa.