Kilomita Moja, Mikato Hamsini

Anayetoka Mafinga kwenda Madibira huondoka kwenye misitu ya Mufindi, zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, akashuka mamia ya mita hadi bonde la Usangu, na akitaka akaendelea mpaka Rujewa. Njia nzima ni kilomita zipatazo 150, na kwenye ramani ni mstari mmoja tu. Ikate kwa kukingama, kama ukatavyo muhogo ukaona ganda, nyama na uzi wa kati, nawe utapata barabara tatu zisizofanana. Huko juu imechimbwa ubavuni mwa kilima, mkono mmoja ukuta wa udongo, mkono wa pili korongo. Katikati inatambaa sambamba na ardhi. Huko chini, kwenye mpunga, haina budi kupanda juu ya tuta, la sivyo kila msimu wa mvua itageuka mfereji.

Mchoro wa barabara iliyokatwa hivyo, mtaro hadi mtaro, ndio mkato. Nadhani historia ya barabara zetu inasomeka humo vizuri kuliko kwenye ramani, kwa sababu mkato ndio unaoonyesha maji yatapita wapi na shamba la nani limemegwa.

Misafara ya pembe iliyopita Usangu katika karne ya 19 haikuhitaji mkato wowote. Wapagazi walitembea mmoja nyuma ya mwenziwe, na upana wa njia ulikuwa upana wa nyayo. Mti ukianguka, njia ilizunguka. Jaribio la kwanza kubwa la kujenga barabara ya magurudumu kutoka Dar es Salaam kwenda bara lilianza mwaka 1877 kwa fedha za Waingereza William Mackinnon na Thomas Fowell Buxton, likaachwa mwaka 1881 likiwa limefika kilomita zisizozidi 120. Walikuwa wakilenga Ziwa Nyasa.

Wakati huo Ulaya ilikwisha kujifunza somo lake. Mfaransa Pierre Trésaguet katika karne ya 18, kisha Waskoti Thomas Telford na John Loudon McAdam, waliacha kuiona barabara kama rundo la mawe. McAdam alishikilia kwamba mzigo wa gari hubebwa na ardhi iliyo chini, na ardhi hiyo hubeba chochote ilimradi ibaki kavu. Kwa barabara ya futi 30 alitosheka na katikati kuwa juu ya kingo kwa inchi 3 tu, maji yateremke pande zote mbili. Barabara nyingi zinazokufa Tanzania leo zinakufa kwa kukosa hizo inchi tatu, si kwa kukosa lami.

Wajerumani waliposhika Uhehe baada ya vita na Mkwawa, mtawala wa Wahehe, walitaka njia pana zilizofyekwa, na wananchi wakalazimishwa kuzifyeka. Wamisionari Wabenedikto waliweka kituo Madibira katika miaka hiyohiyo ya mwisho wa karne ya 19. Waingereza wakafuata na barabara kuu kati ya Iringa na Mbeya, nayo ilijengwa kwa sehemu kwa mikono ya watu walioshindwa kulipa kodi. Mkato wa zama hizo ulikuwa rahisi: udongo wa kando unachimbwa kwa jembe, unarushwa katikati, na shimo linalobaki ndilo mtaro. Ni mbinu ya kimaskini lakini ina akili, kwani tuta na mtaro vinazaliwa kwa pigo moja la jembe.

Kilichobadilisha kila kitu ni Novemba 1965, Ian Smith alipojitangazia uhuru wa Rhodesia ya walowezi. Zambia ikabaki haina njia ya kuaminika kwenda baharini, na malori ya mafuta yakaanza kuteseka kwenye vumbi na matope kati ya Dar es Salaam na Tunduma. Bomba la mafuta likaja mwaka 1968, lami ikafuata, na TAZARA ikafunguliwa mwaka 1976 ikiwa na kilomita 1,860. Nyanda za Juu Kusini zikaona kwa mara ya kwanza matuta na machimbio yaliyopimwa mita kwa mita. Madibira ilibaki pembeni, ikisubiri greda.

Kupima mita kwa mita ilikuwa kazi ya kuchosha. Wapima walivuta mstari wa katikati, wakapiga vigingi, kwa kila kigingi wakasoma kimo cha ardhi kushoto na kulia. Ofisini mikato ilichorwa kwa penseli kwenye karatasi ya miraba, eneo la kila mmoja likapimwa kwa planimita, chombo ambacho aina yake iliyoenea ilibuniwa na Mswisi Jakob Amsler mwaka 1854. Hesabu yenyewe haijabadilika sana hata leo. Mkato mmoja ukiwa na eneo la mita za mraba 30 na unaofuata, mita 20 mbele, ukiwa na 50, chukua wastani wa 40, zidisha kwa 20, upate mita za ujazo 800 za udongo. Kwa mikato ya kila mita 20, kilomita moja ina mikato hamsini, na njia ya Mafinga hadi Rujewa ina 7,500 hivi. Mhandisi mkuu akibadili wazo kuhusu kimo cha tuta, basi vijana wanaanza upya.

Kompyuta iliingia hapo. Katika miaka ya 1950 Charles Miller wa chuo cha MIT, Marekani, alionyesha kwamba sura ya nchi inaweza kuhifadhiwa kama namba na mikato ikakatwa na mashine. Miaka ya 1970 halmashauri za Uingereza zikatoa programu ya MOSS, iliyoitazama barabara kama nyuzi ndefu zinazokwenda sambamba: ukingo wa lami, ukingo wa bega, kitako cha tuta. Leo ofisi nyingi hutumia Civil 3D au OpenRoads. Mhandisi anaandaa kiolezo kimoja chenye njia mbili, mabega, mteremko wa tuta na mtaro; programu inakiburuta kiolezo juu ya mstari wa katikati na kuukata mkato kila kituo, yaani kila mahali palipokuwa na kigingi zamani. Kazi ya miezi inakwisha kabla ya chai.

Ila kiolezo hakijafika Usangu. Kinarudia kilichoambiwa, na nchi hairudii. Ndipo unapokuja uhariri: mhandisi anafungua mkato mmojammoja, anasonga kituo kwa kituo, na panapohitajika anabatilisha kiolezo kwa kituo kimoja au kwa kipande kizima. Hapa ndipo ufundi ulipo, na hapa ndipo nawaona vijana wengi wakipita mbio.

Tuchukue tuta la mita 1.5 kwenye udongo mweusi wa mbuga, ule unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Kiolezo kimeweka mteremko wa 1 kwa 2, yaani kitako kinatoka mita 3 nje kila upande. Udongo wa namna hiyo unataka mteremko uliolala na mtaro uliosogezwa mbali, maji yasisimame kitakoni. Ukihariri kuwa 1 kwa 4, kitako kinatoka mita 6. Mabadiliko ya tarakimu moja kwenye kioo yanaongeza mita za ujazo 4,500 kwa kila kilomita, safari 300 za lori la mita 15, na yanameza zaidi ya nusu hekta. Ni gharama halali. Asiyeilipa mwanzoni ataiona kwenye nyufa za mabega.

Upande wa pili kuna hatari ya kimyakimya. Uhariri wa mkono hung'ang'ania. Mhandisi akishusha barabara nusu mita baadaye, vituo vyote vinajirekebisha isipokuwa vile alivyovibatilisha na kuvisahau, na mtaro unabaki ukielea hewani kwenye mchoro. Baadhi ya programu za zamani ziliruhusu kuchora juu ya mkato wenyewe, na hapo uhusiano na barabara yenyewe ulikatika kabisa. Ndiyo maana ofisi makini huandika daftari la kila ubatilisho na sababu yake.

Tanzania haikosi miongozo. Wizara ya Ujenzi ilitoa mwongozo wa usanifu wa tabaka na vifaa mwaka 1999, na wa jiometri ya barabara mwaka 2011. Lami hupewa mwinamo wa asilimia 2.5, changarawe zaidi. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa hadi mita 30 kila upande, na alama za X zikajaa kwenye kuta, nyekundu kwa asiyelipwa, kijani kwa anayelipwa. Kwa kilomita 150, mita 60 ni hekta 900. Kwa kulinganisha, skimu nzima ya umwagiliaji ya Madibira, iliyojengwa kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika na inayonyweshwa na mto Ndembera, ina hekta kama 3,000.

Na Ndembera hauishii kwenye skimu. Maji yanayobaki yanakwenda kwenye kinamasi cha Ihefu na mto Ruaha Mkuu. Tuta lisilo na makalavati ya kutosha mahali hapo ni bwawa ambalo hakuna aliyeliomba. Idadi na upana wa makalavati hayo vinaamuliwa kwenye mikato ya vituo vichache tu, na anayejua mafuriko hufika wapi ni mkulima, si kiolezo.

Kwa hiyo, wenyeviti wa vijiji na madiwani wa wilaya za Mbarali na Mufindi: mtakapoitwa kwenye kikao cha barabara mkaonyeshwa ramani ya rangi, ombeni pia mikato ya vituo vya kwenu, ichapwe, ipelekwe shambani mwezi Machi maji yakiwa bado yamesimama.