Mlima, Uwanja na Tundu la Magurudumu

Kuzamia ndege ni kusafiri kwa kujificha ndani ya chombo cha angani bila tiketi wala pasipoti. Kwa kawaida mzamiaji hupanda juu ya tairi ndege ikiwa bado chini, kisha hujibanza katika tundu ambamo magurudumu hukunjwa baada ya kuruka. Humo hamna kiti wala joto, na hewa haishindiliwi kama ile wanayovuta abiria waliolipa nauli. Afrika Mashariki iliijua desturi hii kwanza baharini: kwa miongo mingi vijana wa Dar es Salaam na Mombasa wamekuwa wakizamia meli za mizigo, baadhi wakiishia Durban au Cape Town, wengine wakitoswa njiani. Kuzamia ndege kulikuja baadaye. Kwa upande wa Kenya, chimbuko lake ni swali la kale la nani anaruhusiwa kuondoka, na swali hilo watu wa Nyeri na miji ya Mlima Kenya walilijua kabla hawajaona ndege kwa karibu.

Ndege zilifika nchi ya mlima pamoja na walowezi. Kampuni ya Wilson Airways ilianzishwa Nairobi mwaka 1929 na Florence Kerr Wilson, na mlowezi mwenye uwezo aliweza kusafiri kwa saa chache umbali ambao mkokoteni wa ng'ombe ulitaka siku kadhaa. Wakati huohuo mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 au zaidi alilazimika kubeba kipande, karatasi yenye alama za vidole vyake na majina ya waajiri wake, ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Kutoka Tetu au Mathira, huko Nyeri, kwenda kutafuta kazi bila kikopo hicho kulikuwa kosa la jinai. Reli iliyofika Nanyuki mwanzoni mwa miaka ya 1930 haikuliondoa sharti hilo.

Safari ya ndege inayokumbukwa zaidi katika eneo hilo ilianzia Nanyuki. Tarehe 6 Februari 1952 Binti Mfalme Elizabeth, aliyekuwa amelala katika hoteli ya Treetops karibu na Nyeri, aliarifiwa akiwa Sagana Lodge kwamba baba yake amefariki. Jioni hiyo alipelekwa kwa gari hadi uwanja wa Nanyuki, akapanda ndege ya Dakota mpaka Entebbe, na huko akabadilisha ndege kwenda London. Miezi minane baadaye Hali ya Hatari ilitangazwa, na kwa wakazi wa eneo hilo mlio wa ndege ukawa na maana nyingine kabisa. Ndege za Harvard za jeshi la anga la Uingereza ziliruka kutoka Mweiga kushambulia misitu ya Aberdare na Mlima Kenya. Lincoln, ndege kubwa za mabomu, zilitoka Eastleigh, Nairobi. Ndege nyingine zilizunguka zikiwa na vipaza sauti, zikiwataka wapiganaji wa Mau Mau wajisalimishe. Huko chini, Wakikuyu, Waembu na Wameru walitakiwa kuwa na vitabu vya pasi ili watoke wilaya moja kwenda nyingine.

Kipindi hicho kiliacha kitu kinachotumika hadi leo. Uwanja wa Embakasi, uliofunguliwa mwaka 1958 na ambao sasa unaitwa Jomo Kenyatta, ulijengwa kwa kiasi kikubwa kwa jasho la watu waliowekwa kizuizini wakati wa Hali ya Hatari. Wengi wao walitoka nchi ya Mlima Kenya. Walivunja mawe na kusawazisha udongo mweusi wa tambarare ile chini ya ulinzi wa askari, na waliolala katika kambi ya jirani hawakuwa na ruhusa hata ya kurudi kwao Othaya, Nyeri, sembuse kusafiri kwenda ng'ambo.

Mwaka mmoja tu baada ya ufunguzi, mlango ulifunguka kidogo. Septemba 1959 wanafunzi 81 waliondoka Nairobi kwenda Marekani katika mpango uliosukumwa na mwanasiasa Tom Mboya, na kufikia mwaka 1963 idadi ya walionufaika ilikaribia 800. Mmoja wa waliosafiri mwaka 1960 alikuwa Wangari, msichana wa Ihithe, Nyeri, ambaye dunia ingemjua baadaye kama Wangari Maathai. Alikwenda kusoma katika chuo cha watawa mjini Atchison, Kansas. Vijiji vilifanya harambee kuchangia wanafunzi wao, na picha ya kijana wa kijijini anayeshuka ngazi za ndege akiwa na shahada mkononi ikajikita katika fikra za nchi nzima. Ni vigumu kuieleza tamaa ya ng'ambo iliyofuata bila kuitaja picha hiyo.

Baada ya uhuru pasi za ndani zilikwisha, lakini karatasi za nje ziliongezeka. Katika miaka ya 1990 Uingereza ilianza kuwadai Wakenya viza kabla ya safari, na ubalozi ukataka kuona taarifa za benki, barua ya mwajiri na ushahidi kwamba mwombaji atarudi nyumbani. Kijana asiye na shamba wala ajira hana hata kimoja cha kuonyesha. Kwa upande mwingine dunia ilikuwa imeshaona kwamba tundu la magurudumu linaweza kubeba mtu: mwaka 1969 kijana wa Cuba alifika Madrid kutoka Havana akiwa hai. Mwaka 1999 wavulana wawili wa Guinea walikutwa wamekufa ndani ya ndege mjini Brussels, wakiwa na barua ya kuwaomba viongozi wa Ulaya waisaidie Afrika, hasa katika elimu.

Kinachoua ndani ya tundu hilo kinafahamika vizuri zaidi katika miji ya Mlima Kenya kuliko mahali pengine popote nchini. Mji wa Nyeri uko kwenye kimo cha mita 1,750 hivi, na kilele cha Point Lenana kiko mita 4,985. Huko juu kanieneo ya hewa ni takribani nusu ya ile ya Mombasa, na waongozaji wa Naro Moru na Chogoria hawahitaji kipimo kujua mgeni ameshikwa na ugonjwa wa kimo: anaumwa kichwa, anatapika, anaanza kuyumba na kupayuka. Dawa ni kumteremsha. Ndiyo maana njia za kupanda hugawanywa kwa siku kadhaa, mwili upate kuzoea. Mwaka 1970 Mwaustria Gerd Judmaier alivunjika mguu karibu na Batian, kilele cha juu kabisa cha mlima huo, na uokoaji wake ulichukua zaidi ya wiki moja na kugharimu maisha ya rubani wa helikopta. Mwenzake aliyekuwa naye, daktari Oswald Oelz, baadaye alipata sifa kubwa kwa utafiti wa magonjwa ya kimo.

Ndege inayotoka Nairobi huupita usawa wa Lenana baada ya dakika chache tu, kisha huendelea hadi mita 11,000 hivi, zaidi ya mara mbili ya kimo cha Batian. Huko hewa inabaki chini ya robo ya ile ya pwani, na baridi hushuka hadi nyuzi 50 na zaidi chini ya sifuri. Hatari nyingine hutangulia: magurudumu yanapokunjwa humbana mtu asiyejua yanakaa wapi. Akiepuka hapo, joto la matairi na la mabomba ya hidroliki humsaidia kwa muda, kisha hupoteza fahamu. Wachache wanaopona, wataalamu wanaeleza, huokolewa na baridi ileile inayowaua wengine, kwa kuwa mwili uliopoa sana huhitaji oksijeni kidogo. Kwa hesabu za mamlaka ya anga ya Marekani, tangu mwaka 1947 zaidi ya watu 100 wamejaribu kusafiri hivyo duniani, na takribani robo tatu yao wamekufa. Hesabu hiyo haiwezi kuwa kamili, maana walioangukia baharini hawana wa kuwahesabu.

Anayezirai hawezi kujishikilia magurudumu yanapoteremshwa. Tarehe 30 Juni 2019, alasiri ya Jumapili yenye jua, mwili wa mwanamume ulianguka kutoka ndege ya Kenya Airways iliyotoka Nairobi, ikijiandaa kutua Heathrow. Uliangukia bustani ya nyumba moja mtaa wa Clapham, karibu kabisa na mtu aliyekuwa akiota jua. Ndani ya tundu polisi walikuta begi dogo lenye herufi MCA, na ndani yake viatu vya raba, kinywaji na fedha kidogo za Kenya. Hakuna jina lililopatikana. Polisi wa London walitoa picha ya uso iliyochorwa kwa kompyuta, na kituo kimoja cha televisheni cha huko kikatangaza kwamba kimemtambua, kisha kikalazimika kuifuta habari yake. Mwaka 2020 alizikwa London bila kutambuliwa.

Wakenya wawili waliofika Ulaya wakiwa hai walipanda ndege za mizigo. Februari 2021 mvulana Mkenya wa miaka 16 alikutwa Maastricht, Uholanzi, katika ndege iliyokuwa imetoka Nairobi na kupitia Istanbul na London. Inaaminika alipanda London, na mruko huo wa mwisho ulikuwa mfupi, kwenye kimo kisichozidi sana kile cha Batian. Alipelekwa hospitali akiwa amepoa vibaya, akapona. Januari 2022 kijana mwingine Mkenya, wa miaka 22, alitolewa katika tundu la gurudumu la mbele la ndege iliyotua Schiphol, Amsterdam, ikiwa imetoka Johannesburg na kusimama Nairobi. Safari ya kutoka Nairobi hadi Amsterdam huchukua takribani saa nane. Polisi wa Uholanzi walisema alipofikishwa kwenye gari la wagonjwa alikuwa anaweza kujibu maswali mepesi, na hawakuficha mshangao wao.