Matini ya Tajiriba

Maneno ya tangazo, yale yanayomshawishi mtu anunue, katika ofisi za matangazo huitwa "kopi". Ukiyaita "nakala" umepotea, maana nakala kwetu ni karatasi iliyotoka kwenye mashine ya fotokopi. Matini ya tangazo inatosha. Ugumu unaanza pale matini hiyo inapotokana na mambo aliyoyaona na kuyafanya mwandishi mwenyewe. Wapo watakaosema matini ya uzoefu; mimi nachagua matini ya tajiriba.

Uzoefu umetokana na kuzoea, na aliyezoea kitu mara nyingi hakioni tena. Muuza majiko wa miaka mingi ana uzoefu tele, na bado anaandika "jiko bora, bei nafuu" sawasawa na jirani yake. Tajiriba ina asili moja na jaribu, yote kutoka Kiarabu: ni kile ulichokipata kwa kujaribu. Muuzaji huyohuyo akipikia jiko lake kutwa nzima, ataweza kuandika kwamba maharage yaliiva na makaa yaliyobaki yakachemsha chai ya jioni. Mama anayepima mkaa kwa kopo anaelewa mara moja.

David Ogilvy, Mwingereza aliyeanzisha kampuni yake ya matangazo New York mwaka 1948, aliianza kazi hii miguuni. Alikuwa amepika katika hoteli ya Majestic, Paris, kisha akauza majiko ya Aga nyumba kwa nyumba huko Scotland, wakati wa mdororo wa uchumi, na Aga halikuwa jiko la bei ya chini. Aliuza hata kampuni ikamtaka awaandikie wenzake mwongozo, uliotoka mwaka 1935. Humo anaeleza namna ya kuzungumza na mpishi wa nyumba, tena hasahau kumkumbusha muuzaji anyoe ndevu vizuri. Mambo hayo hayatungiki mezani.

Hata hivyo, tajiriba haipimwi kwa neno "mimi", na hapa ndipo wengi wanapokosea. Mwaka 1926 John Caples, Mmarekani, aliandikia chuo kilichofundisha muziki kwa posta tangazo la mtu aliyechekwa na rafiki zake alipoketi kwenye piano, kisha akawashangaza. Tangazo lile lilipata umaarufu mkubwa, na limeandikwa kwa nafsi ya kwanza tangu mwanzo. Lakini kile ni kisa cha kutunga. Kwa upande mwingine kuna Claude Hopkins, aliyeandikia bia ya Schlitz ya Milwaukee. Viwanda vyote vya bia wakati huo vilipiga kelele kwamba bia yao ni safi. Hopkins akaenda kutembezwa kiwandani, akaona hewa inavyochujwa, mabomba yanavyosafishwa na chupa zinavyooshwa mara kadhaa kwa mashine. Wenyeji wake walistaajabu: kila kiwanda hufanya hivyo! Ni kweli, ila hakuna aliyekuwa amewasimulia wanywaji. Hopkins akayaandika bila kujitaja, na hiyo ndiyo ninayoiita matini ya tajiriba.

Tusiichanganye na ushuhuda. Ushuhuda ni kauli ya mteja, na kwa Kiswahili ni neno zito, linakumbusha kizimba cha mahakama na mimbari ya kanisa. Uzito huo haudhuru. Mwongozo wa Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, uliotolewa mwaka 1980 na kurekebishwa baadaye, unataka anayeisifu bidhaa aseme maoni yake ya kweli au yaliyompata kweli. Mwandishi anayejitungia "mama mmoja wa Kariakoo" na kuweka sifa kinywani mwake hajaandika ushuhuda wala tajiriba. Kama anataka kutunga, ruksa, mradi msomaji aone kuwa ni utunzi. Maandishi ya namna hiyo tuyaite kisa cha tangazo.