Ushuru wa Motokaa Zitokazo Ng'ambo

Kabla ya mwaka 1984, mkulima wa korosho wa Namasakata, mkoani Ruvuma, aliyetamani motokaa hakuzuiwa kwanza na ushuru. Fedha za kigeni zilikuwa adimu, na pasipo kibali cha Serikali hata mwenye shilingi zake mkononi hakuweza kuagiza kitu ng'ambo. Mwaka huo wenye fedha za kigeni waliruhusiwa kuagiza bidhaa bila kuulizwa walikozipata, na pikapu zikawa miongoni mwa vitu vilivyokimbiliwa. Kibali kilipolegea, ushuru ndio uliobaki umesimama mlangoni.

Ushuru huu hutozwa mmoja juu ya mwingine, nao mnunuzi mgeni huchelewa kuutambua. Ichukuliwe motokaa ya injini ya sisi 1,500 iliyofika Dar es Salaam, pamoja na nauli ya meli na bima, kwa shilingi 10,000,000. Ushuru wa forodha, chini ya Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulioanza mwaka 2005, ni 25 kwa mia. Thamani yafika 12,500,000. Juu ya hizo hutozwa ushuru wa bidhaa, 5 kwa mia, na juu ya yote kodi ya ongezeko la thamani, 18 kwa mia. Jumla yawa 15,487,500, mbali na ada ndogondogo. Motokaa yenye thamani ile ile, ila imepita miaka kumi, huongezewa ushuru wa uchakavu wa 30 kwa mia, na hesabu yakaribia 20,000,000. Kwamba nchi isigeuzwe jalala la magari mabovu ni hoja yenye uzito. Lakini anunuaye gari kuukuu kwa kawaida ndiye asiyeweza kununua jipya, naye ndiye atozwaye kiwango kikubwa.

Mwaka 2017 mzigo ulihamishwa. Serikali ilifuta ada ya kila mwaka ya leseni ya magari, ikaongeza shilingi 40 katika ushuru wa kila lita ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Haya ya mwisho yalikuwa na sababu yake, kwani yakiwa rahisi kuliko dizeli wachuuzi huyachanganya. Hata hivyo mwenye motokaa aliondolewa ada yake, na bibi kizee aliyewasha koroboi kijijini, asiyepata kugusa usukani, akawa mmoja wa walioilipa.